Kijivu Kisichokuwepo

Jarida lilitoka chini ya kiti cha gari. Gari lenyewe lilikuwa limeteremshwa bandarini Dar es Salaam likitokea Japani, kama yanavyoteremshwa mengine mengi, na mwenyewe akalipeleka Ilala kwa fundi wa viti livalishwe vitambaa vipya. Fundi alipong'oa kiti cha nyuma akakuta sarafu mbili, risiti iliyofifia maandishi, na jarida nene la katuni lililobonyea kwa kukaliwa miaka mingi. Ananifahamu kwa sababu niliwahi kumchorea kibao cha karakana. Akanipigia simu. "Dada, wewe si mtu wa michoro? Njoo uchukue kitu chako huku. Mwenye gari kasema hakitaki."

Sijui Kijapani, kwa hiyo jarida lile nimelisoma kwa njia pekee ninayoiweza, kwa kulitazama. Ni jarida la manga, na neno hilo kwa Mswahili lina mwangwi wake. Manga kwetu ni Uarabuni, ni upande wa Maskati, ni pilipili manga na komamanga. Manga ya Wajapani ni neno jingine kabisa lililofanana na letu kwa bahati. Lina maana ya michoro inayoachiwa ijiendee, na ndilo lililokaa juu ya vitabu vya michoro ambavyo Hokusai alianza kuvitoa mwaka 1814. Husomwa kuanzia kulia. Mtu aliyefunzwa chuoni kufungua msahafu hahitaji kuelekezwa. Mkono wangu ulikwenda wenyewe upande uliostahili.

Wakati ule nilikuwa nimekwisha kuchora kwenye tableti, kwa miaka sita au saba, picha za kile ambacho wateja hukiita manga ya zamani. Wanaitaka sana: jalada la wimbo, bango la tamasha, picha ya kutundika sebuleni. Msichana mwenye macho makubwa, mji wa usiku nyuma yake, mbingu ya waridi, na kila kitu kionekane kama kimetolewa kabatini baada ya miaka arobaini. Nilikuwa na namna yangu ya kuifanya. Nachora picha nzima kwa rangi safi, kisha mwishoni kabisa naifunika kwa matabaka manne: mikwaruzo ya karatasi, rangi ya manjano, nukta, na wekundu uliosogezwa pikseli mbili tatu nje ya mstari wake. Kazi ya dakika moja. Wateja walifurahi na kulipa. Lakini kila nilipozitazama picha zile baadaye, niliona zinafanana na mtoto wa shule aliyepakwa unga kichwani ili aigize babu.

Jarida la chini ya kiti ndilo lililonionyesha kosa liko wapi.

Kurasa zake si za manjano. Ukingoni, upana wa kidole gumba, zimekuwa kahawia kama chai ya rangi. Lakini ndani, pale ambapo hewa na mwanga havikufika, fungu moja la kurasa ni la waridi, jingine la kijani kilichopauka, jingine la rangi ya chungwa hafifu. Ndivyo majarida ya manga yalivyochapwa, na mengine yangali yanachapwa hivyo. Karatasi yake hutokana na magazeti na majarida yaliyokwisha kusomwa, yakarowekwa, yakasagwa tena. Wino wa kwanza hautoki wote. Karatasi hubaki na ukijivu wa uchovu, nayo hutiwa rangi ili ukijivu huo usionekane. Mtoto aliyelinunua jarida hili likiwa bado linanukia wino aliona waridi na kijani. Kahawia imekuja nyuma yake. Karatasi ya bei ndogo husagwa pamoja na lignini, ile gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mti, na lignini ikikutana na mwanga na hewa hubadilika rangi, kidogo kidogo, kuanzia ukingoni.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Ile rangi niliyokuwa nikiimwaga juu ya kila picha ili iwe ya zamani haikuwa chaguo la mchoraji yeyote. Hakuna mchoraji wa miaka ya 1970 au 1980 aliyeketi mezani akachora umanjano. Tukiipaka picha mpya rangi hiyo, tunachoiga ni yaliyoipata kazi yao ikiwa kabatini, na kazi yenyewe tumeiacha mlangoni.

Nikachukua kioo cha kukuzia, kile ambacho mama hukitumia kusomea maandishi madogo ya pakiti za dawa. Chini ya kioo, shavu la msichana ambalo kwa macho matupu nililiona la kijivu likawa uwanja wa nukta nyeusi zilizojipanga kimshazari, kila moja peke yake, na baina yao waridi tupu ya karatasi. Kijivu hakipo. Hakijawahi kuwepo. Majarida ya kila wiki yalichapwa kwa mabamba ya resini ambayo sehemu za kuchapa zimeinuka, yakizungushwa kwa kasi kwenye mitambo mikubwa: palipoinuka hushika wino, palipozama hapashiki, na hakuna hali ya tatu. Mtambo wa aina hiyo haujui nusu. Ukitaka kivuli, huna budi kukijenga kwa kile ambacho mtambo unakiweza, yaani weusi mdogomdogo ulio mwingi, na jicho la msomaji ndilo litakalokoroga kijivu ndani ya kichwa chake.

Mmarekani Benjamin Day alikuwa ameipatia hila hiyo njia ya kiwandani tangu 1879. Kilichowafikia wachoraji wa Japani, kikawa chombo chao cha kila siku, ni utando mwembamba unaopitisha mwanga, umechapwa nukta upande mmoja na kupakwa gundi hafifu upande mwingine. Huitwa skrintoni, na wenyewe kazini husema toni tu. Wino wa mchoro ukishakauka, unailaza toni juu ya shavu na kuikata kwa kisu cha wembe ukifuata mstari wa shavu, mkono ukiwa mwepesi ili ukate utando na usiichane karatasi iliyo chini. Unabandua iliyozidi. Unaweka karatasi juu yake na kusugua kwa kibao chembamba cha plastiki mpaka gundi ishike. Ukitaka wingu, au mng'ao wa chozi, unakigeuza kisu na kuzikwangua nukta kwa ncha, ukiikata mistari yake kwa pembe ili mkwaruzo usiache michirizi. Karatasi moja ya toni iligharimu yeni mia kadhaa, na kwa kijana anayeanza, aliyepanga chumba kimoja, hizo hazikuwa fedha ndogo. Ndiyo maana katika kurasa nyingi za zamani kivuli ni mistari mifupi ya kalamu iliyokatishana fungu kwa fungu, kama ukili wa mkeka. Wajapani huiita kakeami. Ni saa nyingi za kifundo cha mkono zilizotolewa mahali pa pesa.

Hapo ndipo neno "mtindo" lilipoanza kunikwama kooni, maana tunachokiita hivyo kilitokana na uhaba wa pesa, na wa muda pia. Tarehe 17 Machi 1959 majarida mawili hasimu ya wavulana, Shonen Magazine na Shonen Sunday, yalianza kuuzwa siku moja, yote mawili ya kila wiki. Kabla ya hapo katuni nyingi zilikuwa zikitoka kwa mwezi. Mwendo wa wiki ulipozoeleka, mchoraji mwenye jina alidaiwa kurasa kama ishirini kila siku saba, mwaka mzima, na mkono mmoja hauzimalizi. Wakaajiriwa wasaidizi, wengi wao vijana, wa kuchora majengo kwa rula, kujaza weusi, kufuta penseli, na kubandika toni. Majina yao hayakuwa kwenye jalada. Mwishoni mwa 1994 toleo moja la jarida jingine la wiki, Shonen Jump, lilipigwa chapa nakala milioni 6.53. Fikiria nukta zilizopita mbele ya macho ya nchi nzima wiki ile, kisha fikiria kwamba ukingo wa kila uwanja wa nukta ulikatwa na mkono wa mtu, pengine saa tisa za usiku, mhariri akisubiri sebuleni na bahasha tupu.

Katika jarida langu mmoja wao ameacha alama. Ni ukurasa wa waridi, fremu ya chini kushoto: msichana amegeuka kumtazama mtu anayeondoka. Kati ya shingo yake na kola ya shati kuna ufito usio na nukta, mwembamba kuliko uzi wa cherehani, mahali ambapo toni imeishia kabla ya kuufikia mstari. Aliyeikata alisinzia, au aliona akasema muda hakuna. Jina lake silijui na sitalijua. Lakini ufito umeanza mpana juu ukaisha kwa ncha chini, na nikiweka kidole changu pale nauhisi mkono ulivyopita. Nimeona maelfu ya picha za kidijitali zenye nukta, zangu zikiwemo. Ufito kama ule sijauona hata mara moja, kwa sababu programu hujaza eneo hadi ukingoni na haichoki.

Wapo pia ambao nukta zao hazikutoka dukani. Shigeru Mizuki aliupoteza mkono wa kushoto katika Vita Kuu ya Pili, huko Rabaul katika visiwa vya Pasifiki, akarudi nyumbani na kuishi kwa kuchora kwa mkono mmoja uliobaki. Misitu na makaburi ya hadithi zake za mazimwi yamejaa nukta zilizodondoshwa kwa kalamu moja baada ya nyingine, kazi ambayo wasaidizi wake waliibeba kwa kiasi kikubwa. Miongoni mwa waliopita katika studio yake ni Yoshiharu Tsuge na Ryoichi Ikegami, ambao wote wawili walikuja kujulikana kwa majina yao wenyewe. Utazame msitu mmoja wa Mizuki polepole. Nukta zimesongamana pale giza linapomeza shina, zikaachana penye ukungu, zikasimama kabisa mlangoni mwa nyumba yenye taa. Kila moja iliamuliwa.

Ukishaanza kuuliza mambo haya, linakuja swali gumu zaidi: tunaiga zamani ipi? Upo ukurasa uliotoka mkononi mwa mchoraji, na upo ukurasa uliofika mkononi mwa msomaji, navyo ni vitu viwili. Ukurasa asilia ni mkubwa, karatasi nene nyeupe ya kipimo cha B4, ambayo ilipunguzwa kufikia B5 ya jarida. Juu yake kuna penseli ya buluu hafifu ambayo kamera ya kutengenezea mabamba haikuiona. Kuna weupe wa kusahihishia uliorundikana kama chokaa ukutani, kingo za toni zinazometameta ukiziinamishia taa, na maneno ya wahusika yaliyopigwa kwa mashine ya herufi, yakakatwa kwa mkasi na kubandikwa ndani ya viputo. Ukipitisha kidole unasikia vilima na mabonde. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokusudiwa kuonekana. Bamba lilivifuta vyote likabakiza nyeusi tupu.

Keiko Takemiya ni mmoja wa kizazi cha wanawake ambao katika miaka ya 1970 waliigeuza manga ya wasichana ikawa fasihi yenye kina. Baadaye alikwenda kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kyoto Seika, na huko ulianza, mwaka 2001, mradi wake uitwao Genga Dash. Kurasa asilia zinakufa. Wino wa rangi hupauka ukitundikwa penye mwanga. Gundi ya toni huzeeka. Utando hunywea na kuachia. Basi ukurasa hupigwa skani, kisha rangi husahihishwa kwenye kompyuta asilia ikiwa kando, zinalinganishwa, zinachapwa, zinalinganishwa tena, mpaka nakala iwe vigumu kuitenga na mama yake. Penseli ya buluu imo. Chokaa ya kusahihishia imo. Nakala ndizo husafiri kwenye maonyesho, asilia zikapumzika gizani. Takemiya alikuja kuwa rais wa chuo hicho, na aliyempokea kiti mwaka 2018 ni Oussouby Sacko, mzaliwa wa Bamako, Mali. Huwa nafurahi kulikumbuka hilo kila ninaposoma habari za Kyoto.

Mradi ule uliniumiza kidogo nilipoufahamu. Kompyuta niliyoitumia kutengeneza uzee, mwanamke yule ameitumia kutoa ushahidi. Yeye huuliza kila doa lilitoka wapi. Mimi nilikuwa nikimwaga madoa kutoka kwenye faili lililonunuliwa, na mengine, nilikuja kugundua, yalikuwa madoa yaleyale kwenye picha kumi tofauti.

Tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa hesabu nayo ina la kusema. Toni ya kawaida huwa na mistari 60 ya nukta kwa inchi. Ukichora ukurasa wa B5 kwa pikseli 600 kwa inchi, kipimo ambacho wengi hukitumia kwa kazi ya nyeusi na nyeupe, upana wake ni kama pikseli 4,300, na kila nukta ina chumba chake cha pikseli 10 hivi. Humo duara linachoreka bila shida. Sasa ipeleke picha hiyo kwenye simu yenye upana wa pikseli 1,080. Chumba kimebaki pikseli mbili na nusu. Duara halikai humo. Simu inalazimika kukisia, na makisio yake yanagongana na mpangilio wa nukta, hapo yanazuka mawimbi na miraba ambayo hakuna aliyeichora. Mawimbi hayo huitwa moire, jina la Kifaransa lililotoka kwenye kitambaa cha hariri chenye mng'ao kama wa maji. Kila anayechora manga kwenye tableti amewahi kuamka asubuhi akaikuta kazi yake imefunikwa nayo.

Ili nukta ionekane na uduara wake kwenye simu ile, inataka walau pikseli sita. Hapo upana wa picha utabeba nukta 180, ilhali upana wa B5 ungezibeba zaidi ya 400. Yaani nukta zile tunazoziona wazi kwenye simu tukasema "hii ya zamani" ni kubwa, ukizilinganisha na picha yenyewe, kuliko zilivyokuwa kawaida kwenye jarida. Wao walizifanya ndogo kwa kadiri karatasi mbovu ilivyoruhusu, maana ndogo mno zingejaa wino na kuungana, na walichotaka ni zipotee. Sisi tunataka zionekane. Roy Lichtenstein alitangulia njia hiyo kwa katuni za Kimarekani. Mwaka 1963 alichora msichana anayezama, akitokea kwenye fremu ya mchoraji Tony Abruzzo, nukta zikakuzwa mpaka zikawa ndizo habari. Dunia inalijua jina la nani kati ya hao wawili, kila mtu anaweza kujibu.

Sisemi ni kosa kuikuza nukta. Nami naikuza, simu ndiyo karatasi ya siku hizi. Ninachotaka ni mchoraji ajue kwamba anafanya jambo jipya, na kwamba deni lake ni kwa watu waliofanya kinyume chake.

Na kuna uso. Hakuna tabaka la programu linaloufikia uso. Takemiya, Moto Hagio na wenzao waliivunja mipaka ya fremu, wakauacha uso uelee juu ya ukurasa pamoja na maua na nafasi tupu, hata msomaji asijue kama anachokiona ni mahali au ni moyo wa mtu. Miaka michache baadaye, kwa Rumiko Takahashi, ambaye alianza katuni yake Urusei Yatsura mwaka 1978, nyuso zimekuwa za mviringo, nyepesi, zinageuka kutoka hasira hadi aibu kwa kunyanyua nyusi tu. Mtu akichora jicho la leo, lenye vivuli laini kumi na mbili, kisha akalimwagia nukta juu, amelivalisha jicho hilo kanzu ya babu yake. Linabaki la leo. Zamani ilikuwa ndani ya uamuzi wa nini kisichorwe.

Siku hizi naanza kinyume. Kabla ya mstari wa kwanza naamua picha itatazamwa wapi na kwa ukubwa gani, kwa sababu nukta iliyowekwa kabla ya picha kupunguzwa imekwisha kufa. Nachora kwenye tabaka lisilojua kijivu: pikseli ni nyeusi au ni nyeupe, bila ule ulaini wa ukingoni ambao programu hukupa hata kama hukuuomba. Mwanzoni mistari inaonekana kama imeota meno, inaudhi macho, lakini ikichapwa kwa kipimo kikubwa meno hayaonekani na kinachobaki ni ukali wa wino. Nimezima pia ile huduma ya kunyoosha mkono unaotetemeka. Nibu iitwayo kalamu ya G, ambayo wachoraji wa manga wameitumia kwa vizazi, hufunguka ukiigandamiza na kujifunga ukiilegeza. Ukiinyoosha kwa kompyuta unaiua pumzi yake.

Nywele zilinichukua miezi. Nywele nyeusi za miaka ile zina ukanda wa mwanga unaozunguka kichwa, na nilidhani mwanga huo ulichorwa. Haukuchorwa. Brashi ilivutwa kutoka utosini kuja chini, ikavutwa tena kutoka kwenye ncha za nywele kwenda juu, na pale pumzi mbili zilipokaribia kukutana zikasita. Mwanga ni karatasi iliyoachwa. Niliharibu vichwa visivyohesabika kabla mkono haujajifunza kusita.

Toni natumia tatu tu kwa picha moja, na eneo lake nalizungusha kwa mkono wangu badala ya kulimwagia kwa mbofyo mmoja. Makosa siyatengenezi. Kosa lililotengenezwa linajulikana, kama kilio cha aliyekodiwa. Likija lenyewe naliangalia kwanza kabla ya kulifuta, na mara nyingine nalifuta.

Kwenye rangi najizuia zaidi. Majarida yalikuwa na kurasa chache za rangi kamili, na nyingine za rangi mbili peke yake, nyeusi na nyekundu inayoelekea chungwa. Kwa wino huo mmoja wa ziada mchoraji alipaswa kutoa ngozi, machweo, midomo, damu na moto. Nilijaribu kwa kujifunza, nikachora Kivukoni wakati wa jioni, na usiku mzima nikahangaika namna ya kuonyesha bahari kwa nyekundu. Nilijaribu nukta za asilimia 10, nikajaribu mistari, nikajaribu kuchanganya. Karibu na alfajiri niliiacha bahari nyeupe kabisa, nikatia wekundu mbinguni tu. Bahari ikatulia mahali pake.

Kijana ninayefanya naye kazi alinitazama nikikata toni kwa mkono akaniuliza, "Dada, nani atajua?" Anayepitisha picha kwa kidole chake baada ya sekunde mbili hatajua, nilimwambia, na sina ugomvi naye. Lakini kuna msichana wa fremu ya chini kushoto, na aliyemkatia toni. Ninapofanya kazi hii ndio watu ninaokaa nao chumbani.

Mwezi uliopita nilimaliza ukurasa mmoja wa fundi mwenyewe. Ameinama juu ya kiti cha gari, sindano ndefu mkononi, mwanga ukimwingilia kutoka mlangoni, mgongo wake wote ukiwa nukta. Niliupeleka kwa mpiga chapa nikamwomba karatasi ya gazeti, ile hafifu, wino mweusi peke yake. Hakuna manjano, hakuna mikwaruzo. Zikatoka nakala kumi na mbili, nami nikampelekea yake Ilala.

Aliishika mbali, kisha akaisogeza karibu hadi puani.

"Kumbe ni vitone tu?"

"Vitone tu, fundi."

"Na hiki kijivu cha mgongoni?"

"Hakipo."

Akaisogeza mbali tena, akaitazama kwa muda, akacheka taratibu. Kisha akaokota misumari minne midogo ya kupigilia vitambaa na kuikongomea nakala ile kwenye ubao wa mlango. Mlango wa karakana unatazama magharibi, na jua la alasiri hupiga pale mpaka linapozama. Nilifungua kinywa nimwambie aihamishie ndani, penye kivuli. Nikaona anavyoirudia kuitazama, nikanyamaza.